Sajini wa Kibatari Jazz

Nchi yenyewe sitaitaja. Msidhani naogopa, mimi na woga wapi na wapi? Ni kwamba jina lake lilibadilishwa tena juzijuzi, na tangazo la jina jipya halijafika mtaani kwetu. Basi tuseme nchi yetu, na kila mtu atajua mwenyewe ni ipi.

Katika nchi hiyo hakuna kitu kilichopendwa kama Kibatari Jazz, wana wa mtindo wa Vunja Kiti. Barabara zilikuwa hazipitiki, dawa zilikuwa hazipatikani, lakini bendi, jamani, bendi tulikuwa nayo. Sukari ikipotea, serikali inatuletea bendi. Mafuta ya taa yakipotea, inatuletea bendi. Ilifika mahali tukiona lori la vyombo linaingia mjini tunaulizana, "Kimeadimika nini tena?"

Mwimbaji wake alikuwa Shomari Kitwana, tuliyemwita Koo la Asali. Alikufa. Alifia kwenye benchi la hospitali kuu akimsubiri daktari, na daktari alikuwa uwanjani amekwenda kumsikiliza Koo la Asali, kwenye dansi lililoahirishwa kwa sababu Koo la Asali anaumwa. Msiba ulikuwa mzuri sana. Waziri alihutubia mpaka mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena.

Waziri huyo ni Mheshimiwa Daktari Ponsiano Kilimba, Waziri wa Burudani na Magereza. Wageni wakisikia cheo hicho hucheka, kwa ushamba wao. Wizara hizo mbili ziliunganishwa kubana matumizi. Zote zinahitaji ukuta mrefu, lango moja, na watu wenye nguvu wa kuhakikisha hakuna anayetoka kabla ya muda.

Sasa, wimbo uliotubeba miaka yote ni "Nisubiri Jumapili". Mwanzo wake ni wa polepole, mtu anambembeleza mpenzi wake. Halafu linakuja chemko: magitaa yanapanda juu, watu wanavua viatu, na mwimbaji anaanza kutaja majina ya mashabiki waliokuwa wakiitunza bendi zamanizamani. Kila jina likitajwa, uwanja mzima unaitikia, "Washa moto!" Na jina lililopendwa kupita yote lilikuwa la Chande Fundi Redio. Hata watoto wakicheza gololi walikuwa wanaliimba.

Chande Mlanzi alikuwa mtu wa mtaani kwetu, Mtaa wa Gereji. Hela ya redio mbovu ilikuwa haifiki nyumbani; inaishia kubandikwa kwenye paji la uso la Koo la Asali. Kosa lake lilikuwa ufundi kupita kiasi. Redio zetu zilitoka kiwandani zikiwa zinashika stesheni moja tu, ya serikali. Chande akiitengeneza redio yako, inashika mpaka za nchi jirani. Siku moja wakaja vijana wawili waungwana, wakamwambia atoke mara moja akaeleze kidogo. Hakurudi.

Mkewe, Bi Somoe, alipokwenda kuuliza aliambiwa hakuna mtu kama huyo. Alipobisha, akaambiwa hajawahi kuwepo. Cheti cha kuzaliwa cha Chande kikafutwa, na cha ndoa kikafutwa. Akaomba basi apewe hata cheti cha kifo, akae eda, ajue moja. Karani alimhurumia sana. Alimweleza kwa upole kwamba mtu ambaye hakuzaliwa hafi, na kwamba amshukuru Mungu, ni wanawake wachache wenye bahati ya mume wa namna hiyo.

Lakini wimbo ulikuwa umesharekodiwa, na Mtukufu Rais alikuwa anaupenda. Nani angethubutu kuukata? Kwa hiyo Chande alikuwa amefutwa kila mahali isipokuwa kwenye chemko la "Nisubiri Jumapili". Kila bendi ilipokuja, Bi Somoe alikwenda akasimama karibu na spika ya kushoto. Hachezi, haongei. Jina likitajwa, watu wakiitikia, anajifunga khanga yake vizuri anarudi nyumbani.

Mimi ni Katibu wa Chama cha Mashabiki, tawi la Gereji, na nilimwona hana nidhamu. Siku moja nikamwambia, "Bi Somoe, watu wanalipa kiingilio wacheze, wewe unalipa usimame kama nguzo?"

Akanijibu, "Nakuja kumsikia mtu wangu anaitwa, Katibu. Siku asipoitwa nitakuwa sina tena pa kumtafuta."

*

Arobaini ya Koo la Asali ilipopita, Waziri alituita uwanjani kutuonyesha mwimbaji mpya, ambaye angezunguka na bendi nchi nzima. Alitoka kwenye gari mtu mrefu, shingo nene, amevaa sare ya magereza, na vidoti vya kung'aa vimeshonwa juu ya sare hiyo.

"Ndugu wananchi!" alianza Waziri. "Msanii ni wa Mungu, lakini koo ni mali ya taifa! Wizara yangu imefanya utafiti wa kina. Tumejiuliza, mwimbaji wa dansi kazi yake ni nini? Kuimba? Hapana! Kila mtu anaimba, hata chura. Kazi yake ni kutaja majina! Na ni nani katika nchi hii anayetaja majina kila alfajiri, jua lake mvua yake, bila kukosea?"

Tuliona ni swali la mtego.

"Ni huyu hapa, Sajini Zakaria Pembe! Kwa miaka mingi ameita majina ya wafungwa katika gereza letu maalumu. Gereza hilo, kwa sababu za usalama, halina karatasi. Hakuna kilichoandikwa! Nani kaingia, nani katoka, nani kawaje, vyote vimo humu!" Akamgonga Sajini kichwani, na kichwa kikalia. "Nawapeni kichwa hiki kiwaimbie!"

Sajini akapiga saluti. Ni gereza gani hilo, mimi sikuuliza. Sina tabia hiyo.

Waziri akaendelea kueleza kuwa majina ya zamani kwenye chemko yameondolewa kwa heshima zote. Badala yake watatajwa viongozi, kwa kufuata vyeo. Na wimbo utarekodiwa upya, na kila mwenye santuri ya zamani aisalimishe kituo cha polisi, abadilishiwe apewe mpya.

Hapo ndipo mkono ulipoinuka nyuma. Nikageuka. Loo! Bi Somoe.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, mama. Sema. Serikali yako inakusikiliza."

"Naomba jina moja tu libaki, baba. La Chande. Likae hata mwisho, baada ya wakubwa wote."

Waziri alicheka kwa huruma. "Mama, Chande huyo ni nani?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Si mlimchukua nyie?"

Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Mama yangu," alisema Waziri, sauti imelainika kama ya mganga, "mtu ambaye hakuwepo anachukuliwaje? Jina lisilo na mwenyewe ni uchafu ndani ya wimbo. Hivi wewe ungependa wimbo wa taifa zima uwe na uchafu?"

"Basi naomba niambiwe tu kama yu hai au kafa. Nikijua, sitakusumbua tena."

"Keti, mama," alisema Waziri. Akaketi.

*

Sisi mashabiki tulikasirika kwelikweli. Si kwa ajili ya Bi Somoe, hayo ni mambo ya ndani ya nyumba yake. Tulikasirika kwa ajili ya muziki. Tulikutana kwa Mzee Kazimoto, Mwenyekiti wa tawi, tukafunga na madirisha.

"Sajini wa jela!" alifoka Kazimoto, mate yanaruka. "Aende kwenye kiti cha Koo la Asali! Mimi nimeifuata bendi hii toka nina nywele. Nawaambia, nikicheza mbele ya yule mtu nikatwe miguu, wapewe mbwa!"

"Na yangu!" tukasema.

"Tunakwenda, tunakaa, tunakunja mikono. Hakuna kutikisa hata kidole. Tuwaonyeshe kuwa Kibatari ina wenyewe!"

Bi Somoe alikuwa ameitwa kutuchemshia chai. Akauliza kutoka mlangoni, "Na Chande je? Mtalidai na jina lake?"

"Bi Somoe," alisema Kazimoto, "usituingizie siasa. Hapa tunazungumzia sanaa."

Nadhani kuna mtu alipeleka maneno. Kesho yake Wizara ilitangaza ajira za Wakaguzi wa Viuno. Kazi yao ni kupita katikati ya watu wakati wa dansi na kuangalia kama kiuno cha mwananchi kinazunguka kwa hiari. Ambaye chake hakizunguki atahojiwa afya yake, kwa gharama za serikali. Mimi niliona ni jambo jema. Nchi ngapi zinajali viuno vya watu wake?

*

Siku ikafika. Uwanja ulijaa mpaka juu ya vyoo. Mtukufu Rais mwenyewe alikuja, akakaa kwenye kochi chini ya turubai. Sisi wana Gereji tulikaa safu moja, mikono tumekunja, nyuso tumezikaza, Kazimoto katikati anatukagua kwa jicho. Bi Somoe alikuwa pale pale pake, kwenye spika ya kushoto.

Sajini akapanda, akaukamata mkuki wa maikrofoni kama anataka kuutia pingu. "Nisubiri Jumapili" akauanza.

"Mpenzi! Nisubiri! Jumapili! Bila kukosa!"

Wanawake wawili wa mbele walisimama wima kwa mshtuko. Uwanja ukaguna. Nyuma yetu kijana akapiga mluzi wa dharau, na Kazimoto akatema mate chini. "Mnaona? Mnaona? Huo ni wimbo au ni amri ya kufyeka majani?"

Halafu gitaa la solo likapanda, chemko likaanza. Sajini akakaza mgongo.

"Mheshimiwa! Daktari! Ponsiano! Kilimba!"

"Washa moto," wakaitikia wachache, Wakaguzi wakiwatazama.

"Katibu Mkuu! Burudani! Na Magereza!"

Sasa niwaambie ukweli, maana mimi sipendi uongo. Kuita wafungwa kuna mapigo yake. Mpiga ngoma aliyanasa, mpiga besi akayafuata, na kitu kikatupita miguuni. Wa kwanza kutikisika alikuwa Kazimoto. Bega lake lilicheza.

"Nzi," akasema.

Mguu ukafuata. Kisha akasimama, "Nanyoosha mgongo tu!" Sajini alipofika kwa Naibu Kamishna wa Maji, Mwenyekiti wetu alikuwa amevua shati amelifunga kiunoni, na safu nzima ya Gereji ilikuwa chini inavunja viti. Pale palipokuwa pa Chande, Sajini alitaja, "Mama! Mkuu! Wa Itifaki!" na uwanja ukaitikia kwa nguvu zote, "Washa moto!" Hakuna aliyejikwaa. Nilimtazama Bi Somoe. Aliinamisha kichwa, akaanza kujifunga khanga yake aende zake.

Ni hapo Mtukufu Rais aliposimama kucheza.

Yeye hucheza kwa kidole kimoja, tangu alipokwenda kutibiwa nyonga ng'ambo. Lakini sheria ni sheria: Mtukufu akiwa anacheza, wimbo hauishi. Sajini akataja viongozi wote mpaka wakaguzi wa mizani ya nyama. Majina yakamalizika. Kidole cha Mtukufu bado kinacheza. Sajini akageuka pembeni, macho yamemtoka. Waziri akamnong'oneza, na maikrofoni ikatusikilizisha sote, "Taja! Taja majina, mjinga wewe! Yoyote uliyonayo!"

Sajini alisimama wima, visigino pamoja. Akafumba macho. Akataja aliyonayo.

"Rajabu Nyenzi! Chumba cha kwanza! Hayupo! Tumbo! Mwaka wa njaa!"

"Washa moto!"

"Mwalimu Festo Kibona! Chumba cha pili! Hayupo! Tumbo! Mwaka wa njaa!"

"Washa moto!"

"Salima Mtwange! Chumba cha pili! Yupo! Haoni!"

"Washa moto!"

Wote waliokufa walikufa kwa tumbo, maana nadhani ndilo pekee waliloingia nalo. Na ngoma ilikuwa tamu, sijapata kuona. Ila niliona kila jina linapotajwa mtu mmoja anaacha kucheza. Mwanamume mwenye mtoto mabegani, huyo kasimama. Bibi mmoja mwenye mwavuli, kasimama. Wakawa wamesimama hapa na pale, na sisi tunawazunguka, wanatuziba.

"Chande Mlanzi! Fundi redio! Chumba cha sita! Hayupo! Tumbo! Mwaka wa mafuriko!"

Uwanja ulilipuka. Watu walirusha kofia, wengine wakalia machozi ya furaha. Kazimoto alinikumbatia, jasho lake lote likaja kwangu. "Amelirudisha! Kijana kalirudisha jina letu! Koo la Asali hajafa! Nilijua mimi, nilijua toka mwanzo huyu ni mwenzetu!"

Nikahisi ninavutwa mkono wa shati. Bi Somoe.

"Katibu, amesema mafuriko?"

"Amesema."

"Mafuriko gani?"

"Kwani yako mangapi? Yale yale, ya mwaka aliochukuliwa."

Akatikisa kichwa, akawa anaongea polepole kama mtu anayetafuta ufunguo alipouweka. "Mbona mimi kila kipupwe nampelekea blanketi? Pale getini. Hawakubali kuwa yupo, ila blanketi wanapokea. Hata mwaka huu wamepokea. Wananiambia, 'Asante, mama, zito hili, zuri.'"

Kazimoto akamshika bega kwa nyuma, anacheka, "Bi Somoe, cheza basi! Si ulikuwa unalilia jina? Mumeo katajwa!"

*

Waziri alikuwa amekaa chini, rangi yote imemtoka, anasubiri kukamatwa. Lakini Mtukufu alipochoka aliketi, akajifuta uso, akasema, "Kijana ana kumbukumbu." Basi. Neno hilo likawa sera. Waziri alisimama papo hapo, rangi ikamrudia, akaeleza kuwa majina ya mwishoni ni ya kubuni, yametungwa na wataalamu wake, na kama yanafanana na ya jamaa wa mtu yeyote, huyo jamaa ndiye aliyeiga.

Waliosimama na waliolia walikusanywa na Wakaguzi wa Viuno. Walihojiwa, wakakubali wenyewe kuwa walilia kwa furaha. Wengine walichelewa kidogo kukubali. Bendi ikaendelea na ziara, na kila mji ulikuwa unapiga kelele, "Ya mwishoni! Tunataka ya mwishoni!" Waliokuwa wanamtukana Sajini sasa wakawa wanabishana nani alimpenda kwanza.

Bi Somoe aliingia eda. Balozi wa mtaa alimwendea kumweleza kuwa kumkalia eda mtu asiyekuwepo ni kueneza uvumi. Lakini wimbo ulikuwa umependwa huko juu, ikawa vigumu kumkataza, akaambiwa tu aomboleze kwa sauti ya wastani. Alitandika mkeka, akakaa. Watu wachache walikuja. Ilikuwa wiki ya dansi mji wa pili, na lori la kuwapeleka mashabiki lilikuwa la bure.

Bendi iliporudi kupita kwetu, Sajini Pembe alikuja pale nyumbani, peke yake. Mwanamke wa eda haonani na mwanamume wa nje, najua. Ila Sajini alikuwa mtu wa serikali, na serikali kwetu ni maharimu wa kila mtu. Mimi nilikaa mlangoni kama Katibu.

"Pole, mama," alisema Sajini, kofia mkononi.

"Nishapoa. Karibu, baba." Alimmiminia kahawa. "Nina swali moja tu. Mmemzika wapi?"

Sajini alisimama wima, visigino pamoja, maana ndivyo anavyofikiri. Alifumba macho muda mrefu. Akafumbua.

"Mama, mimi kazi yangu ilikuwa kuita. Kuzika ilikuwa idara nyingine."

"Nikawaulize wao?"

"Hao hawakuwa na mtu wa kukariri."

Nadhani Bi Somoe alikuwa na neno linakuja, ila hatukulipata, kwa sababu Kazimoto alikuwa ameliona gari la bendi nje. Dakika hiyo hiyo uwanja wa nyumba ulijaa. Waliingia na vibuyu na makopo ya kupiga, wengine wakaruka ukuta. "Sajini! Sajini! Tupe Fundi Redio!"

"Hapa pana msiba," alisema Sajini.

"Si ndiyo msiba wake mwenyewe?" alisema Kazimoto. "Utamnyima heshima yake nyumbani kwake? Muulize mama!"

Sajini akamgeukia Bi Somoe. Nilidhani mama huyo atatutukana, atatumwagia kahawa. Akasema taratibu, "Mwite, baba. Nimsikie hapa nyumbani mara moja. Ila usimalizie."

Sajini akavaa kofia yake. Akaita, na safari hii aliita kwa sauti ndogo ambayo hatukuwa tunaijua, "Chande Mlanzi. Fundi redio. Chumba cha sita." Akanyamaza hapo.

Lakini wimbo sisi tulikuwa tumeshaushika kichwani. Tukamalizia wenyewe, nyumba nzima kwa pamoja, "Hayupo! Tumbo! Mwaka wa mafuriko!" na makopo yakajibu, na Kazimoto akaingia katikati, na vumbi likatimka mpaka ndani. Bi Somoe aliivuta miguu yake chini ya khanga, ili tusimkanyage.